Simu ya binti, redio ya baba: nani siku hizi anapanga tuongee nini?

Mwezi huu barua zimeangukia jambo moja bila kupangwa, simu na serikali. Nimechagua nne, zote za watu wa Tanga, majina nimeyaondoa kama kawaida yetu. Ya kwanza nimeijibu kirefu maana imenigusa, za chini yake mtanivumilia.

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi ni binti wa miaka 22, naishi Makorora. Mtaani kwetu kuna mtaro umeziba toka masika ya mwaka jana, maji meusi yanapita mbele ya madrasa, watoto wanavuka kwenye kipande cha ubao wamebeba ndala mkononi. Mwenyekiti kaambiwa, mtendaji kaambiwa, kila mkutano jibu ni bajeti bado. Siku moja nikamwona bibi jirani kakunja baibui mpaka magotini anavuka huku kashikwa mkono na mjukuu, nikatoa simu nikarekodi, sekunde 47 tu, nikaweka TikTok na stetasi, nikalala. Asubuhi klipu imezunguka magrupu yote mpaka watu wa Dar wananipigia, siku ya nne likaja greda na viongozi na waandishi wa habari. Mtaro umezibuliwa. Lakini baba, ambaye ni mstaafu wa serikali, wiki ya tatu sasa hasemi na mimi. Anasema nimeianika ofisi, mambo ya serikali yanasemwa na serikali, funika kombe mwanaharamu apite. Je nimekosa? (Binti, Makorora)

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujakosa. Nimeanza na hilo ili usisome jibu lote roho juu. Ila baba yako usimwone adui, maana mzee wa umri wake kakulia kwenye nchi ambayo habari ilikuwa na mlango mmoja na funguo za mlango ule zilikuwa mfukoni kwa serikali. Mi mwenyewe nimeukuta mwisho wake. Nyumbani kwetu Ngamiani redio ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, ikifika saa mbili usiku taarifa ya habari ya RTD, yaani Redio Tanzania Dar es Salaam, watoto tunanyamazishwa, babu anasogeza kiti, na kesho yake barazani yanaongelewa yaleyale yaliyosomwa usiku, tena kwa mpangilio uleule alioutumia mtangazaji. Zanzibar walikuwa na televisheni toka 1973, sisi Bara tumeipata 1994. Kwa hiyo mtaro wa Makorora kama haukusomwa redioni basi mtaro huo kwa nchi nzima haupo, hata kama unanuka mpaka barabara ya pili.

Na hapa Tanga hiyo habari ni ya zamani kuliko redio. Wajerumani walikuwa na shule yao ya serikali hapahapa mjini kwetu, na shule ile ilikuwa na mtambo wa kuchapa, humo ndo likatoka gazeti la Kiswahili jina lake Kiongozi, likaendelea mpaka Vita Kuu ya Kwanza vikalimaliza 1916. Waswahili waliandika humo, walimu na makarani walituma habari za vituo vyao, tena Kiswahili kizuri, lakini mwenye mtambo ndo alikuwa na neno la mwisho lipi liingie na lipi libaki. Waingereza nao walipokaa sawa wakaleta Mambo Leo, 1923, nalo la serikali. Vizazi na vizazi vya watu wa pwani vimejifunza kusoma kwenye kurasa ambazo jambo la kuongea limeshachaguliwa na mtu mwingine. Baba yako katoka huko.

Wataalamu wa habari nguvu hiyo wanaiita kupanga ajenda. Wamarekani wawili, Maxwell McCombs na Donald Shaw, walifanya utafiti kwenye mji mdogo unaitwa Chapel Hill wakati wa uchaguzi wa rais wa 1968, wakawauliza wapiga kura 100 ambao walikuwa hawajaamua, jambo gani kwako ndo zito kuliko yote, halafu wakaangalia magazeti na televisheni zinazofika pale zimeyapa nafasi mambo gani. Orodha mbili zikakaribia kuwa moja. Wakachapisha matokeo 1972. Yaani chombo cha habari hata kikishindwa kukubadilisha mawazo kinakuchagulia cha kuwaza, na hapo ndo penye nguvu yenyewe, kwasababu anayebishana na wewe unamwona lakini aliyekuchagulia mada humwoni.

Sasa wewe na sekunde zako 47 umeichagua mada wewe. Hukumtukana mtu, hukuomba kura, umeonesha bibi na ubao, na mji mzima ukaongea ulichokiona wewe.

Nikupe mfano mzito zaidi. Tarehe 25 Mei 2020, Minneapolis kule Marekani, binti wa miaka 17, Darnella Frazier, alikuwa anampeleka binamu yake wa miaka 9 dukani kununua vitafunio. Njiani akakuta polisi kamkandamiza mtu shingoni kwa goti. Akasimama akarekodi dakika zaidi ya tisa. Usiku ule polisi wakatoa taarifa yao, kichwa chake kilisema mwanaume kafariki baada ya tatizo la kiafya wakati polisi wakiwa naye. Goti halikutajwa. Ingekuwa enzi za mlango mmoja habari ingeishia pale, mtu kaumwa kafa, Mungu amlaze pema. Lakini binti akaiweka video Facebook usiku uleule, na jina la marehemu yule, George Floyd, likafika mpaka kwenye vijiwe vya kahawa vya hapa kwetu. Mwaka 2021 askari yule akahukumiwa, na Frazier akapewa heshima maalumu na tuzo za Pulitzer, ambazo kwa kawaida ni za waandishi wenye kazi zao. Kila nikikumbuka hiki kisa nafikiria yule mtoto wa miaka 9 aliyetoka nyumbani kufuata vitafunio.

Umeniuliza umekosa, sasa nikwambie ungeweza kufanya nini vizuri zaidi, maana utarekodi tena, nakujua. Sema mahali na tarehe kwa sauti yako mwanzoni kabisa, kwasababu klipu ikishafowadiwa mara tano maneno ya chini yanapotea na mwakani mtu ataitoa aseme ni Lindi. Ile ya mwanzo isiyokatwa itunze kwenye simu, usiifute. Sema ulishakwenda ofisini lini na ukajibiwa nini, hapo umewapa haki yao na wao. Sura za watoto zizibe, na yule bibi, samahani mwanangu lakini lazima niseme, ulimuomba ruhusa? Magoti ya bibi wa watu yameonekana mpaka Dar. Nenda kamsalimie umwombe radhi hata kama hajalalamika. Na usiongeze chumvi hata punje, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu cha taarifa za uongo na adhabu yake si ndogo, chumvi yako ndo itakuwa mlango wao wa kuacha mtaro waanze kukuongelea wewe.

Baba yako mpe muda. Siku akiwa mtulivu muulize swali moja tu, zile barua mlizokuwa mnaletewa ofisini na wananchi kuhusu mitaro, zilikuwa zinawekwa wapi. Muulize kwa heshima, umsikilize mpaka amalize. Nadhani anayo mengi.

SWALI: Dada mpendwa, salaam. Mimi mzee wa Raskazone, niliwahi kufanya kazi gatini. Nasikia vijana wanajisifu kwamba siku hizi wananchi ndo wanaendesha nchi kwa simu. Je ni kweli serikali imenyang'anywa? Mimi naona bado inaamua ikitakacho. (Mzee wa Gati)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Wewe na hao vijana mnaongelea vitu viwili mkidhani ni kimoja. Kuna kuamua jambo gani liongelewe, na kuna kuamua jambo liishe vipi. La kwanza limehama kwa kiasi kikubwa, la pili halijahama sana.

Chukua ile ya bandari, ambayo wewe wa gati unaijua kuliko mimi. Bunge lilipitisha makubaliano ya nchi yetu na Dubai juu ya uendeshaji wa bandari tarehe 10 Juni 2023. Zamani hapo ndo mwisho, linasomwa kwenye taarifa ya habari, tunalala. Safari hii watu walikuwa na maandishi yenyewe kwenye simu, wanasoma kifungu kwa kifungu, wakili anachambua laivu usiku wa manane, dereva wa lori anauliza mbona muda wa mwisho hauonekani, mama lishe anauliza hivi mgogoro ukitokea tunashtakiana wapi. Nakumbuka fundi cherehani wangu pale Ngamiani alisimamisha mashine aniulize ukomo wa mkataba maana yake nini, mtu ambaye miaka yote tulikuwa tunaongea mabega na vishono tu. Viongozi ikabidi wapande majukwaani kueleza. Kesi ya kuyapinga makubaliano ikafika Mahakama Kuu Mbeya, ikatupwa Agosti. Tarehe 22 Oktoba 2023 mikataba ya uendeshaji ikasainiwa, na siku hiyo ikasemwa wazi kwamba ni miaka 30 na utendaji utapimwa kila baada ya miaka mitano. Unaona mzee? Uamuzi ulibaki palepale ulipokuwa, ila swali la ukomo lilianzia kwa watu, na ilibidi lijibiwe mbele ya watu. Mi sioni kwamba hicho ni kidogo.

Majirani zetu Kenya walikwenda mbali zaidi, 2024. Muswada wa fedha ulikuwa na kodi kwenye mkate na kwenye magari, vijana wakaufafanua TikTok kwa Kiswahili na kwa lugha za makabila, kurasa zile ngumu za sheria zikageuzwa lugha ya sokoni. Tarehe 25 Juni wakaingia bungeni na damu ikamwagika, kesho yake Rais Ruto akasema hausaini. Tarehe 5 Julai akaingia mwenyewe kwenye mazungumzo ya mtandao wa X (zamani Twitter) kuongea na vijana, yaani mkuu wa nchi anakaa kuulizwa na vijana kwenye uwanja wao. Na usisahau hapo simu haikutosha, walitembea kwa miguu na wapo waliokufa. Kuna jambo moja la kule sikulipenda, kusambaza namba za simu za watu ili watukanwe. Kumuwajibisha mbunge ni haki yako, kumtukana mkewe saa saba usiku si haki ya mtu.

Na swichi bado ipo, mzee. Misri 2011 walizima intaneti karibu nchi nzima kwa siku kadhaa watu walipojaa barabarani. Hapa kwetu 2018 zilikuja kanuni za maudhui ya mtandaoni, mwenye blogu akatakiwa leseni, milioni 1 ya kuanzia na milioni 1 ya kila mwaka, wapo waliofunga kwa kukosa hela, baadaye ada zikashushwa. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilikatika nchini, tukakaa siku kadhaa. Nakumbuka jioni ile. Simu imekaa mezani kama kipande cha sabuni, jirani yangu akatoa redio ya betri iliyokuwa stoo, tukakaa kibarazani watu wanane tunasikiliza sauti moja, hakuna anayejua ndugu yake wa mkoa mwingine yukoje. Nilirudi utotoni kwangu kwa babu, na sikufurahi hata kidogo, maana utotoni nilikuwa sijui kama kuna kitu sikisikii. Usiku ule nilijua.

SWALI: Habari zenu. Sisi wavuvi wa Chongoleani. Kijana wangu aliyeko Dar kanionesha kwenye simu watu wa Ulaya na Uganda wanaongea habari za bomba la mafuta linaloishia kwetu, wengine wanataka lisimamishwe, wengine wanalitetea, wote wanasema ni kwa ajili yetu wananchi. Mimi sijaulizwa na yeyote. Sasa hiyo ndo sauti ya wananchi? (Mvuvi)

JIBU: Kaka yangu, barua yako fupi lakini imenikosesha usingizi kuliko zote.

Wasomaji wasiojua, bomba lenyewe ni lile la Afrika Mashariki, EACOP, linatoka Hoima Uganda mpaka rasi ya Chongoleani, kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko kwetu. Mafuta yale ni mazito kama nta kwahiyo njia nzima yanapashwa moto yasigande. Jiwe la msingi waliliweka hapa Tanga Magufuli na Museveni, tarehe 5 Agosti 2017, na siku ile ajenda ilikuwa ya marais wawili na makampuni, basi. Miaka michache baadaye wakatokea vijana, wengi wao Waganda, na wenzao wa nje, wakaanza na heshitegi moja, #StopEACOP, hawana jeshi wala bunge. Wakazikaba benki na kampuni za bima moja moja, nyingi zikatangaza kwamba hazimo. Tarehe 15 Septemba 2022 Bunge la Ulaya likapitisha azimio juu ya bomba hilo, na Museveni mwenyewe akajibu kwenye Twitter kwamba Total, kampuni ya mafuta ya Ufaransa iliyomo kwenye mradi, wakitaka kulisikiliza bunge hilo yeye atamtafuta mwingine. Watu wenye simu wamemvuta rais aje kujibu kwenye uwanja wao. Kwa nguvu ya mtu mmoja mmoja, sijaona mfano mkubwa kuliko huo unaogusa ardhi ya Tanga.

Lakini wewe umeuliza swali ambalo hao wote hawajajiuliza sana. Nguvu imetoka serikalini imekwenda kwa watu, sawa, watu gani? Imekwenda kwa wenye Kiingereza, wenye bando la mwezi, wenye kamera nzuri na marafiki kwenye magazeti ya nje. Picha zilizozunguka sana ni tembo na maporomoko ya Murchison huko Uganda. Ngalawa ya Chongoleani mi nimeitafuta sana sijaiona. Na wanaolitetea nao ni hivyohivyo, wanaongea ajira na maendeleo wakiwa studio. Hapo katikati kuna mtu anayeamka saa tisa usiku kufuata maji, na yeye ndo anayajua maji yale, na hana post hata moja.

Mi nakushauri msisubiri. Kaeni na wenzako wa BMU, kikundi chenu cha kusimamia fukwe, mkubaliane kitu kimoja cha kuonesha, kimoja tu. Kama dago mlilokuwa mkianika samaki bado lipo lioneshe, kama limehama onesha lilipokuwa na mlipo sasa. Kama kijana wako amepata kazi kwenye ujenzi sema na hilo, tena mshahara umefanya nini nyumbani, usilifiche kwa kuogopa wanaopinga. Kama fidia imechelewa sema ni mwezi gani uliahidiwa na leo ni lini. Ongea Kiswahili chako hichohicho cha pwani, usihangaike na Kiingereza, mwenye haja atatafsiri. Rekodi asubuhi mkirudi na mashua, mwanga unakuwa mzuri na upepo haujaanza kula sauti. Kijana wako wa Dar aipandishe. Na ukifanikiwa nitumie na mimi nitaieleza hapahapa kwenye ukurasa huu.

SWALI: Mambo shangazi. Nina wafuasi elfu 18 Instagram, naposti mambo ya Tanga, vyakula, Amboni, Raskazone. Juzi kuna mtu kanitumia laki mbili kwenye simu kabla hata hatujaelewana, anataka nipost maneno aliyoyaandika yeye kumsifia kiongozi fulani, na tupo kama thelathini tutapost saa moja jioni kwa pamoja itrendi. Watu wataniita chawa? Nifanyeje? (Kijana wa Sahare)

JIBU: Poa mwanangu. Kuitwa chawa si shida kubwa, watu wanaita mtu chawa hata akisema ukweli. Shida ni hiyo saa moja jioni.

Angalia, mitandao hii haina mtu anayekaa anasoma post zenu moja moja. Ni programu inayohesabu, kitu kinaongelewa na wangapi, kwa kasi gani, watu wanakaa hapo kwa muda gani, kisha inakisukuma kwa wengine. Watu thelathini wakipost saa moja kamili programu inaweza kudhani mji umelipuka kwa furaha. Kwahiyo yule binti wa Makorora hapo juu, ambaye mtaro wake ulipanda kwa sababu watu waliuona wakaumia, anashindanishwa na ninyi thelathini mliolipwa, na programu mara nyingi haijui tofauti. Nafasi ya juu ni ileile moja. Jioni mtakayoijaza kwa sifa za kununua, kuna mtu wa Pongwe au Mabawa kapost kisima chao na hataonekana. Tena wenye programu hizo hawako Tanga wala Dodoma. Twitter yenyewe Elon Musk aliinunua Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, akaibadilisha jina ikawa X, na sisi watumiaji hakuna aliyetuomba ruhusa. Sisi wadogo tumeachiwa kitu kimoja tu ambacho ni chetu, mtu akiona post yako anaamini wewe uliuona huo mwamba wa Amboni kwa macho yako. Wafuasi elfu 18 wamekufuata kwa hilo. Ukiweka maneno ya mtu mwingine kwenye mdomo wako, wiki ijayo ukipost ngisi wa kukaanga watajiuliza umelipwa na nani.

Kama kiongozi huyo kweli kafanya jambo, nenda mwenyewe ukalione, ulipige picha, usilipwe, upost siku unayotaka wewe. Kama ni tangazo na unataka kulifanya kama biashara yako, andika juu kabisa neno TANGAZO, ukubaliane bei kwa maandishi, na uone kama huyo mteja bado atakutaka, mi sidhani.

Laki mbili irudishe leo, kwa namba ileile iliyoituma, usimpe mtu mkononi. Kata skrinishoti ya muamala kabla na baada, na meseji zake zote usizifute.